Joto la Nyumba Linaanzia Paani

Joto likimzidi mkazi wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, jambo la kwanza linalomjia ni feni, na akijaliwa uwezo, kiyoyozi. Vyote viwili hupambana na joto ambalo limeshaingia ndani. Ni wachache wanaoinua macho na kujiuliza limepita wapi. Ninachotaka kuonyesha hapa ni kwamba katika nyumba nyingi za kwetu zilizoezekwa bati limepita juu, na kwa hiyo shilingi ya kwanza ya kulizuia inapaswa kutumika kati ya bati na vichwa vya watu wanaoishi chini yake, kabla ya shilingi ya feni, na mapema sana kabla ya ile ya kiyoyozi. Vitu vya kuzuia joto viko vya aina nyingi, kuanzia rangi nyeupe hadi pamba ya kioo, na kila kimoja kina mahali pake na namna yake ya kufungwa. Ila huwezi kukichagua vizuri kabla hujajua joto lenyewe linasafiri vipi.

Nchi zetu ziko karibu na Ikweta, na jua la saa sita mchana hukaa karibu na utosi. Kuta hulipata kwa mshazari, ya mashariki asubuhi na ya magharibi jioni, lakini paa hulipokea uso kwa uso kwa saa nyingi. Siku isiyo na mawingu, kila mita ya mraba ya paa hupokea takribani wati 1,000 wakati wa adhuhuri. Paa la mita za mraba 80 hupokea basi kilowati 80, sawasawa na pasi 80 za umeme zilizowashwa kwa pamoja juu ya nyumba moja. Sehemu ya joto hilo huakisiwa na sehemu huchukuliwa na upepo, lakini linalobaki linatosha kulifikisha bati la rangi iliyokoza kwenye nyuzijoto 60 hadi 70, wakati hewa ya nje haizidi 32 au 33. Bati la geji 30 lina unene wa karibu theluthi moja tu ya milimita, tena ni chuma, hivyo upande wake wa chini huwa na joto lile lile la juu. Hapo linaanza kumwaga miale. Bati lililopakwa rangi pande zote likiwa na nyuzi 65, na kilicho chini yake kikiwa na nyuzi 35, hesabu ya fizikia inatoa karibu wati 180 zinazoshuka kwa kila mita ya mraba kwa njia ya miale peke yake. Miale haibebwi na hewa, kwa hiyo feni haiwezi kuizuia. Ndiyo sababu mtu anaweza kukaa chini ya feni inayovuma kwa nguvu na bado akahisi paji la uso linachomwa.

Wapo watakaosema kwamba mambo ya kuzuia joto kwenye majengo ni ya Wazungu, watu wenye theluji, na kwamba sisi hatuna baridi ya kuzuia. Dhana hii imetugharimu sana. Kizuia joto hakijui ndani wala nje. Kazi yake ni kupunguza kasi ya joto kutoka upande wenye joto kwenda usio nalo, upande wowote uwao. Kuwait, ambako theluji ni hadithi, imekuwa na kanuni ya serikali inayodai vizuia joto katika kuta na mapaa ya majengo tangu mwaka 1983, kwa sababu umeme wa viyoyozi ulikuwa unaielemea nchi. Hata hivyo pingamizi hilo lina chembe ya ukweli ambayo haifai kuachwa. Katika nchi ya baridi, nyumba huwashwa moto ndani na kuzungukwa na hewa baridi pande zote kwa miezi, hivyo kuta, sakafu, madirisha na paa vyote vinahitaji kuzibwa. Nyumba ya Pwani inayofungua madirisha yake haiko hivyo. Hewa ya ndani na ya nje hukaribiana sana, na ukuta ulio kivulini hauna tofauti kubwa ya joto ya kuzuia. Kuufunika ukuta huo kwa vifaa vya gharama ni kutupa pesa; baraza, mti au ukingo mpana wa paa utaufaa zaidi. Sehemu pekee ya nyumba hiyo inayopita joto la hewa kwa nyuzi 30 na zaidi ni paa. Kwa hiyo tusiige orodha ya kazi za mtu wa Stockholm, tuchukue kanuni yake na kuielekeza mahali jua letu linapopiga.

Wazee waliijua kanuni hii bila kuiandika. Tembe la Wagogo huko Dodoma lilikuwa na paa la miti lililofunikwa udongo mzito, likachelewesha joto la mchana na kulihifadhi kwa ajili ya baridi ya usiku. Nyumba za mawe za Lamu zilijengwa kwa kuta za matumbawe na chokaa zenye unene wa karibu nusu mita, na juu yake boriti za mikoko zilizobeba tabaka nene la mawe na chokaa. Makuti, kwa upande wake, hunasa hewa kati ya jani na jani, na hewa iliyotulia ni kizuia joto kizuri kuliko karibu kila kitu kinachouzwa dukani. Lakini sioni maana ya kulilaani bati. Lilishinda kwa haki: haliwaki moto unaoruka nyumba hadi nyumba, halihitaji kubadilishwa kila baada ya miaka michache, na linakinga maji safi ya mvua. Kosa letu ni kwamba tulipoondoa makuti na udongo tuliweka kitu chembamba sana mahali pa kitu kinene, na hatukurudisha ile kazi ya kuzuia joto iliyokuwa imefanywa na unene.

Njia rahisi kuliko zote ya kuirudisha ni kulikataza bati kulimeza jua tangu mwanzo. Rangi nyeupe iliyo mpya huakisi karibu asilimia 80 ya nguvu ya jua, ilhali rangi nyekundu iliyokoza, kijani ya giza au nyeusi, ambazo ndizo zinazopendwa kwenye mabati ya kisasa, huakisi sehemu ndogo tu. Jiji la Ahmedabad nchini India, lililopata msimu wa joto kali na vifo vingi mwaka 2010, lilianza mwaka 2017 mpango wa kuyapaka mapaa ya mitaa ya watu wenye kipato kidogo rangi za kuakisi jua, na kazi yenyewe ni brashi, ndoo na siku moja. Bati lazima lioshwe kwanza, kutu isuguliwe kwa brashi ya waya, lipakwe rangi ya msingi ya kushika chuma, ndipo nyeupe ya nje ifuate mara mbili. Udhaifu wake ni vumbi na ukungu: weupe hufifia, na paa linahitaji kuoshwa na kupakwa tena baada ya miaka michache. Wengine wanalalamika kwamba paa jeupe halina hadhi. Sina jibu la kuwafurahisha, ila kwamba rangi ya paa huonekana na wapita njia, na joto lake huliwa na wenye nyumba.

Ikiwa paa halijapigwa bado, nafasi bora kabisa ni siku za kupaua, na kifaa chake ni karatasi ya alumini inayouzwa kwa mizingo, mara nyingi ikiwa imebandikwa juu ya plastiki iliyofumwa ili isichanike. Nitaeleza ufungaji wake kwa urefu, kwa sababu hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Karatasi hutandazwa juu ya kenchi zinazobeba paa kabla ya papi za kushikia bati kugongwa, ikianzia chini kwenye fishabodi, yaani ubao wa ukingo, na kupanda kuelekea kofia ya kileleni, kila mkanda wa juu ukiulalia ule wa chini kwa sentimita 15 hivi, ili maji yakishuka yasipenye kwenye maungio. Haivutwi ikakaza, huachwa ilegee kidogo kati ya kenchi na kenchi. Kisha papi hugongwa juu yake na bati juu ya papi, na unene wa papi huacha uwazi wa hewa kati ya bati na karatasi. Uwazi huo ndio unaofanya kazi. Alumini hung'aa na kwa sababu hiyo hutoa miale michache mno, kiasi cha kuzishusha zile wati 180 hadi karibu 10, lakini inafanya hivyo pale tu inapotazamana na hewa. Upande unaong'aa ukigusana na bati, joto huupitia kwa mguso na mng'ao wake hauna faida yoyote. Sentimita 2 za uwazi ndizo za chini kabisa. Karatasi yenye upande mmoja unaong'aa mara nyingi hugeuzwa juu na mafundi, kwa kuwa akili inasema king'aacho kitazame jua. Huko juu vumbi hulala, na baada ya miaka michache mng'ao umekwisha. Upande huo ukitazama chini, hubaki safi, na bado unakataa kutoa miale kuelekea dari.

Kwa nyumba iliyokwisha kuezekwa, karatasi hiyo hiyo hupigwa pini chini ya papi au chini ya kenchi, fundi akiwa ndani ya dari. Kazi hii ina hatari mbili ambazo Australia ilizilipia kwa maisha ya watu. Mwaka 2009 serikali ya huko ilianzisha mpango mkubwa wa kulipia vizuia joto majumbani, wafungaji wakaajiriwa kwa haraka na mafunzo madogo, na vijana wanne wakafa kabla ya mpango kuvunjwa mwaka 2010. Watatu walipigwa na umeme; mmoja alizidiwa na joto la ndani ya paa. Alumini hupitisha umeme, na pini ya chuma ikitoboa waya ulio hai, karatasi yote huwa waya. Kwa hiyo swichi kuu huzimwa kabla mtu hajapanda, na kazi hufanywa alfajiri hadi saa tatu asubuhi, si adhuhuri. Ninasisitiza kwa sababu nyaya zilizo juu ya dari zetu mara nyingi zimelazwa tu bila mabomba, na panya wameshazitafuna mahali fulani.

Wenye nyumba wengi watasema wana dari tayari, ya jipsamu au ya plastiki, na kwamba hiyo inatosha. Dari inasaidia, sikatai: inakata ile miale inayotoka kwenye bati isimfikie mtu moja kwa moja. Lakini ubao wa jipsamu una unene wa milimita 9 au 12 tu, na katika unene huo hauwezi kushikilia joto kwa muda. Kufikia saa nane mchana dari yenyewe imepata moto na imekuwa paa la pili linalomwaga miale, la nyuzi chache zaidi ya mwili wa mtu, na ukiigusa utajua. Hatua mbili huiokoa. Ya kwanza ni kuitoa hewa moto iliyofungiwa kati ya bati na dari, kwa matundu chini ya ukingo wa paa na matundu mengine juu karibu na kofia, yote yakizibwa kwa wavu imara ili popo, panya na ndege wasihamie. Mafundi wengi siku hizi huziba ukingo wote kwa mbao au plastiki kwa ajili ya urembo, na hewa haina pa kupita. Hatua ya pili ni kulaza kitu kinene juu ya dari.

Kitu hicho kinene, duniani kote, mara nyingi ni pamba ya kioo au pamba ya mwamba: kioo au jiwe lililoyeyushwa na kuvutwa kuwa nyuzi nyembamba zinazonasa hewa. Huja kwa mizingo au vipande vya sentimita 5 hadi 10, na hulazwa kati ya brandaringi, zile mbao zinazoshikilia dari, kabla ya dari kupigwa, au baadaye kwa kupitia tundu la dari. Hukatwa kwa kisu, ikizidi kidogo upana wa nafasi ili ishike yenyewe, wala haikandamizwi, maana ukiikandamiza unafukuza hewa ambayo ndiyo umeinunua. Isifunike taa za kuzamisha kwenye dari, kwani joto lake litakosa pa kwenda. Isilowe, bati linalovuja hutengenezwa kwanza. Unene nao una kikomo cha busara: sentimita 5 za mwanzo ndizo zinazofanya sehemu kubwa ya kazi, 5 zinazofuata hupunguza nusu ya kilichobaki, na kuendelea kujaza huko juu ni kwa ajili ya watu wa barafu. Fundi avae glavu, barakoa na mikono mirefu, kwa kuwa nyuzi huwasha ngozi na koo. Hofu kwamba pamba hii ni asbesto iliyobadilishwa jina haina msingi. Wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani uliiondoa pamba ya kioo ya majumbani kwenye kundi la vitu vinavyoshukiwa mwaka 2001. Asbesto yenyewe ni jambo jingine kabisa. Aina zake zote husababisha saratani, na bado imo kwenye mapaa ya majengo ya zamani. Paa la namna hiyo halitobolewi, halikwanguliwi, wala halisuguliwi ili lipakwe rangi.

Povu ndilo linaloshawishi kwa wepesi na bei, na ndilo ninaloliogopa zaidi. Yale mabamba meupe mepesi tunayoyaona yamefungia televisheni mpya yanazuia joto vizuri, na mafundi huyaweka juu ya dari au kuyafanya dari yenyewe. Yanashika moto, yanayeyuka na kudondoka yakiwaka, na moshi wake mweusi huua kabla ya moto. Jengo la Grenfell Tower jijini London liliungua Juni 2017 na watu 72 wakapoteza maisha. Moto ulipanda nje ya jengo kupitia vifuniko vya plastiki na mabamba ya povu la kuzuia joto. Povu likitumika lazima lifunikwe kwa jipsamu au plasta upande wa chumba, na likae mbali na nyaya. Yapo pia mabati pacha yenye povu katikati, yaliyozoeleka kwenye vyumba vya ubaridi vya viwanda, na povu la kunyunyiza ambalo hugandamana na bati moja kwa moja. Hilo la mwisho huficha uvujaji mpaka mbao zimeoza, na linahitaji mtu aliyesomea kazi hiyo.

Kuna malighafi ambayo tunaitupa. Kandokando ya mashine za kukoboa mpunga za Mbarali, Kyela na Ifakara kuna vilima vya pumba ngumu, na mara nyingi huishia kuchomwa. Pumba hizo zikiwa kavu huzuia joto kwa kiwango kisicho mbali na pamba ya kioo, haziozi kwa urahisi, na kwa kuwa zina madini mengi ya silika hufukuta polepole badala ya kuwaka kwa ndimi. Zikipepetwa punje zisibaki kuwaita panya, zikajazwa kwenye mifuko na kupangwa juu ya dari imara kwa unene wa sentimita 10, kazi itafanyika. Zinazidi uzito wa pamba, hivyo brandaringi ziwe karibu karibu zaidi. Ningependa vyuo vyetu vya ufundi vilichukue jambo hili kwa uzito unaostahili, kwa sababu vizuia joto vingi vilivyobaki tunaviagiza kwa meli.

Wenye nyumba za zege bapa wanahitaji neno lao. Zege la sentimita 15 halifanani na bati: hulimeza joto mchana kutwa na kuanza kulitoa ndani jioni, na ndiyo maana wakazi wa ghorofa ya juu huteseka zaidi saa tatu usiku kuliko saa nane mchana. Kizuia joto kikiwekwa chini yake, zege linaendelea kuchemka. Kinatakiwa juu: kwanza tabaka la kuzuia maji, kisha mabamba magumu ya povu lisilonyonya maji, kisha plasta au vigae vya rangi nyeupe. Na katika nyanda za baridi, Njombe, Makete au Limuru, dari nene inafanya kazi hiyo hiyo kinyume, inazuia joto lisitoke, na inakomesha yale matone yanayodondoka alfajiri kutoka kwenye bati lililopoa kuliko hewa ya chumba. Huko lakini kuna onyo: jiko la mkaa lisiingizwe kulala na watu, kwa sababu chumba kikizibwa vizuri gesi yake huua haraka zaidi.

Pingamizi zito kuliko yote ni pesa. Kiyoyozi kinanunuliwa mara moja na ubaridi unapatikana jioni ile ile. Kwa nini mtu apande darini? Tazama hesabu ya chumba kimoja cha mita 3 kwa 4 kisicho na dari. Wati 180 kwa mita za mraba 12 ni zaidi ya wati 2,100 zinazoshuka kutoka kwenye bati. Kiyoyozi cha BTU 12,000 huondoa takribani wati 3,500. Zaidi ya nusu ya nguvu yake, na ya umeme unaolipwa kila mwezi, inakwenda kupigana na paa. Dari na karatasi ya alumini zikiwepo, chumba hicho kinaweza kuridhika na kiyoyozi kidogo, na kwa watu wengi kinaweza kuridhika na feni, kwa sababu feni hupoza vizuri pale miale ya juu inapokatwa. Umeme ukikatika, karatasi haizimiki. Kuna pia usingizi na afya: watu wengi huacha kulala ndani ya chandarua kwa sababu ya joto, na mbu hawasubiri hali ya hewa.

Hata hivyo hesabu hii inamhusu mwenye nyumba. Mpangaji wa mtaa kama Manzese au Majengo ndiye anayelala chini ya bati, na aliyelinunua bati analala kwingine. Mpangaji hawezi kuezua paa la mtu, na mwenye nyumba hapati kodi zaidi kwa karatasi isiyoonekana. Hapa soko peke yake halitoshi. Halmashauri hupitia ramani kabla ya kutoa kibali cha ujenzi, na hukagua vyoo, umbali wa mipaka na ukubwa wa madirisha. Zidai pia mstari mmoja kwenye mchoro wa paa: kizuia joto cha aina gani, unene gani, na hewa itapita wapi. Mafundi wataliuliza jambo hilo kwa wateja, maduka yataanza kuiweka mizingo hiyo karibu na misumari ya bati, na bei itashuka kwa wanaojenga baadaye.